Shule ya Kijiji cha Rabai: Ilikotoka, Walioibeba na Kumbukumbu Zake

Mtoto anayeanza shule Rabai leo anajifunza herufi mahali ambapo shule ya kwanza ya aina hiyo nchini Kenya ilianzia. Kijiji hiki cha Kaunti ya Kilifi kiko kwenye vilima vya minazi, umbali wa kilomita zipatazo 25 kaskazini magharibi mwa Mombasa. Wamishenari walihamia hapa mwaka wa 1846 na kuanza kufundisha watoto kusoma na kuandika. Shule ya msingi inayobeba historia hiyo leo inaitwa Isaac Nyondo.

Wakaazi wengi wanaijua tarehe hiyo, kwa kuwa hutajwa katika hotuba na kuandikwa katika vitabu vya shule. Lisilotajwa sana ni kwamba waanzilishi walikaribia kushindwa. Shule ilisimama kwa sababu ya watu waliokuja baada yao: vijana wa Rabai, walimu Waafrika waliowahi kuuzwa utumwani, na wazazi waliotoa watoto, nguvu na pesa zao. Makala haya yanaeleza safari hiyo na kwa nini kumbukumbu zake, pamoja na za kila shule ya kijiji katika kaunti, ni mali ya wananchi inayostahili kulindwa.

ELIMU KABLA YA 1846

Kusema kwamba shule ya kwanza ilianza Rabai hakumaanishi kwamba watu wa pwani hawakuwa na elimu. Katika miji ya Waswahili kama Mombasa na Lamu, vyuo vya Kurani vilikuwapo karne nyingi kabla ya hapo. Watoto walisoma kwa hati ya Kiarabu, na Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa hati hiyo. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalitungwa kabla ya mmishenari yeyote wa Ulaya kufungua darasa katika pwani hii.

Warabai nao, pamoja na ndugu zao wengine wa Mijikenda, walikuwa na mafunzo yao. Kaya ndiyo iliyokuwa makao yao na mahali pa mila zao. Rika kwa rika, vijana walifundishwa na wazee sheria za jamii, dawa za miti, kilimo, historia ya ukoo na namna ya kusema mbele ya baraza. Kaya za Rabai ni miongoni mwa misitu mitakatifu ya Mijikenda iliyotambuliwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka wa 2008.

Kwa hiyo kilichoanza Rabai ni shule ya mtindo wa Ulaya: darasa, ubao, herufi za Kilatini na mwalimu anayeandika ripoti. Tofauti hiyo ni muhimu kwa sababu inaeleza kwa nini wazazi wa wakati ule hawakukimbilia kupeleka watoto. Hawakuona pengo ambalo shule ilikuwa inakuja kuziba.

WAGENI WAWILI NA RUHUSA YA WAZEE

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la misheni la Uingereza la CMS, alifika Mombasa mwaka wa 1844 baada ya kupata barua ya ruhusa kutoka kwa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar. Mwaka huohuo mkewe Rosine na mtoto wao mchanga walifariki Mombasa. Krapf alibaki. Johannes Rebmann alijiunga naye mwaka wa 1846, na mnamo Agosti 25 mwaka huo wawili hao walihamia Rabai, wote wakiwa wamedhoofishwa na homa.

Hawakuingia kwa nguvu. Barua ya Sultani ilikuwa na uzito Mombasa, lakini vilimani wazee wa Rabai ndio waliokuwa na neno la mwisho juu ya nani akae wapi. Walikubali wageni wakae na wajenge. Hata kabla ya darasa la kwanza, basi, palikuwa na uamuzi wa wenyeji, na ardhi waliyokaa wageni ilitolewa kwa ridhaa ya baraza.

Krapf na Rebmann wanakumbukwa zaidi kwa milima. Rebmann aliuona Kilimanjaro Mei 1848, na Krapf akauona Mlima Kenya Desemba 1849. Katika kufundisha, mambo yalikwenda polepole mno. Watoto walihitajika kuchunga mbuzi na kuamia ndege mashambani. Mzazi aliona mtoto akipoteza siku nzima kwa jambo lisiloongeza chakula nyumbani. Wanafunzi walikuja wachache, wakaacha, wakarudi tena msimu wa kazi ulipokwisha. Krapf aliondoka mwaka wa 1853 kwa sababu ya afya. Rebmann alikaa hadi 1875, miaka 29 kwa jumla. Macho yake yakafifia hadi akapofuka, na waumini wake walikuwa wachache.

Miongoni mwa wachache hao walikuwa Mringe, mtu aliyekuwa na ulemavu, ambaye ndiye wa kwanza kubatizwa, na Abe Gunja, aliyeendelea kushikamana na kituo hicho. Isaac Nyondo, ambaye shule inabeba jina lake, alikuwa mwana wa Abe Gunja. Rebmann alipoondoka akiwa haoni, ni Nyondo aliyefuatana naye hadi Ulaya. Mgeni aliyekuja kuwaongoza wengine aliondoka akiongozwa na kijana wa Rabai.

HERUFI ZILIZOTOKEA KILIMANI

Ingawa darasa lilikuwa dogo, kazi moja iliyofanyika Rabai iligusa kila mtoto anayesoma Kiswahili leo. Ili kufundisha, ilibidi kwanza lugha iandikwe kwa herufi ambazo mwanafunzi angeweza kusoma. Krapf alichagua herufi za Kilatini badala ya hati ya Kiarabu. Sarufi yake ya Kiswahili ilichapishwa Ujerumani mwaka wa 1850, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikatoka mwaka wa 1882, baada ya kifo chake. Rebmann naye alikusanya maneno ya lugha ya Warabai, na kamusi yake ilichapishwa mwaka wa 1887, yeye pia akiwa ameshafariki.

Vitabu hivyo vina majina ya Wazungu kwenye jalada, lakini maneno yaliyomo yalitoka vinywani mwa watu wa Mombasa na Rabai. Mwanachuoni Mwislamu wa Mombasa alimsaidia Krapf katika tafsiri zake za mwanzo. Mkulima wa Rabai aliyeulizwa jina la mti, sehemu ya jembe au aina ya mvua alikuwa mwalimu, ingawa hakuandikwa hivyo popote. Lahaja ya Mombasa haikuwa msingi wa Kiswahili sanifu baadaye, kwa kuwa iliteuliwa ile ya Unguja, lakini utaratibu wa kuandika Kiswahili kwa herufi hizi ulipitia kwenye vilima hivi.

WALIMU WALIOTOKA BOMBAY

Mabadiliko makubwa yalianza mwaka wa 1864, walipofika walimu Waafrika. William Jones, Ishmael Semler na George David walikuwa wamechukuliwa utumwani wakiwa wadogo, wakaokolewa baharini na meli za Uingereza, na kulelewa India katika shule ya misheni karibu na mji wa Nasik. Huko walijifunza kusoma, kuandika na kazi za mikono. Kwa sababu walipitia Bombay, watu kama hao waliitwa "Wabombay".

Tofauti yao na Rebmann ilionekana upesi. Kwa mtoto wa Rabai, hapa palikuwa na mtu mweusi kama yeye anayesoma barua, anayefanya hesabu na anayejua ufundi. Kitabu kilikoma kuwa kitu cha Mzungu peke yake. Walimu hao walioa, wakalea watoto na kulima hapahapa, na shule ikaanza kuwa sehemu ya kijiji.

Mwaka wa 1873 Uingereza ilimlazimisha Sultani wa Zanzibar kufunga soko la watumwa. Watu waliookolewa kutoka kwenye majahazi walihitaji mahali pa kukaa, na mwaka wa 1875 makao ya Freretown yalianzishwa ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Rabai nayo ilipokea watu wengi. Katika darasa moja walikaa watoto wa Wayao, Wamakua na watu wa Nyasa, pamoja na watoto wa Kirabai na Kigiriama. Hawakuwa na lugha moja ya nyumbani. Kiswahili kiliwaunganisha, kama kinavyounganisha watoto katika shule nyingi za kaunti hii leo.

William Jones alipewa daraja la ushemasi mwaka wa 1885 pamoja na Semler, na Askofu James Hannington. Mwaka huohuo Jones alisafiri na askofu huyo kuelekea Uganda. Hannington aliuawa Busoga mnamo Oktoba, na Jones ndiye aliyewaongoza wapagazi waliosalia kurudi kwa miguu hadi Rabai, ambako walifika mwanzoni mwa 1886.

KARATASI YA UHURU

Katika miaka hiyo ya 1880, Rabai ilijulikana pwani nzima kwa jambo jingine. Watumwa waliotoroka kutoka mashamba ya pwani, walioitwa watoro, walikuja kutafuta kimbilio. Msimamo rasmi wa misheni ulikuwa kwamba watoro wasipokewe, kwa kuwa utumwa ulikuwa bado halali chini ya Sultani. Jones, ambaye mwenyewe aliwahi kuuzwa, hakuwafukuza. Wakajenga, wakalima, na watoto wao wakaingia darasani.

Mwaka wa 1888 wenye watumwa walidai watu wao warudishwe, na hofu ya mapigano ikatanda. George Mackenzie, msimamizi wa kampuni ya Imperial British East Africa iliyokuwa inaanza kutawala eneo hili, aliamua kuwalipa mabwana hao fidia. Mnamo Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 katika vituo vya misheni vya pwani walipewa vyeti vya uhuru, na sehemu kubwa yao walikuwa Rabai.

Kwa mtu aliyelala kila usiku akihofia kukamatwa, karatasi ile ilikuwa ndiyo maisha yake. Ilimwezesha kutembea hadi Mombasa na kurudi. Ilimwezesha kusema shamba hili ni langu na mtoto huyu ni wangu. Hapo ndipo faida ya kusoma ilipoonekana wazi hata kwa wazazi ambao hapo awali walikuwa na mashaka. Anayeweza kusoma karatasi yake hadanganywi juu ya yaliyoandikwa ndani yake. Utumwa wenyewe ulikuja kufutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka wa 1907.

Sababu nyingine ilifuata muda mfupi baadaye. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka wa 1896 na ukapita Mazeras, karibu na Rabai. Reli, bandari na ofisi za serikali zilihitaji makarani, wakalimani na mafundi. Vijana waliosoma Rabai na Freretown walikuwa miongoni mwa wachache waliokuwa tayari kwa kazi hizo. Mshahara wa karani ulijenga nyumba ya mabati ambayo jirani aliiona, na mwaka uliofuata jirani akampeleka mwanawe shuleni.

KUTOKA MISHENI HADI SHULE YA UMMA

Serikali ya kikoloni ilianzisha idara ya elimu mwaka wa 1911, lakini kwa miaka mingi shule za Waafrika ziliachwa mikononi mwa makanisa. Serikali ilitoa ruzuku na kuweka masharti, misheni ikatafuta walimu, na wazazi wakalipa karo na kujenga. Tangu miaka ya 1920 mabaraza ya wenyeji nayo yalitoza kodi ambayo sehemu yake ilikwenda kwenye elimu.

Mwaka wa 1949 kamati iliyoongozwa na Leonard Beecher ilipendekeza miaka 4 ya shule ya msingi, 4 ya kati na 4 ya sekondari. Wazee wanaokumbuka wakati huo husema kwamba darasa la 4 ndilo lililokuwa mlango mwembamba. Mtihani wa kuingia shule ya kati uliwarudisha nyumbani watoto wengi wakiwa wadogo sana. Waliopita waliendelea hadi mtihani wa KAPE. Hadi leo, katika familia nyingi za Kilifi, umri wa mtu unaweza kukadiriwa kwa jina la mtihani wake: babu alifanya KAPE, baba CPE, mjukuu KCPE.

Baada ya uhuru, tume iliyoongozwa na Simeon Ominde mwaka wa 1964 ilitaka elimu iwe ya taifa, isiyobagua kwa rangi wala dini. Sheria ya Elimu ya mwaka wa 1968 iliweka shule za misheni chini ya usimamizi wa umma. Kanisa lililoanzisha shule lilibaki na nafasi ya mfadhili, likishauri kuhusu malezi na mafunzo ya dini, lakini mwalimu akawa mfanyakazi wa umma.

Hatua zilizofuata zinakumbukwa katika kila boma. Mwaka wa 1974 karo iliondolewa kwa darasa la 1 hadi la 4, ingawa michango ya majengo ilipanda na kula sehemu ya nafuu hiyo. Mwaka wa 1979 yakaja maziwa ya shule. Mfumo wa 8-4-4 ulianza 1985, na wazazi katika vijiji vyote wakaombwa kujenga darasa la 8 na karakana kwa harambee. Mwishoni mwa miaka ya 1980 sera ya kugawana gharama ilirudisha mzigo kwa wazazi, na watoto wengi wakaacha shule.

Januari 2003 elimu ya msingi ilitangazwa kuwa ya bure. Serikali ilitoa shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na idadi ya wanafunzi nchini ikapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Furaha ilikuwa kubwa na madarasa yakajaa. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka wa 2023. Chini ya mtaala wa umilisi, shule ya msingi sasa ina gredi ya 1 hadi ya 6, na sekondari msingi ya gredi ya 7 hadi ya 9 imewekwa katika viwanja vya shule za msingi.

NANI ANASIMAMIA NINI LEO

Wakaazi wengi huuliza ofisi ipi inahusika na shule ya kijiji. Katiba ya 2010 iligawa kazi hiyo katika Jedwali la Nne.

Serikali ya kitaifa inasimamia shule za msingi na sekondari. Walimu wa shule hizo huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, na fedha za masomo hutoka Wizara ya Elimu.

Serikali ya kaunti inasimamia elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijiji na vituo vya malezi ya watoto. Walimu wa chekechea na ujenzi wa madarasa yao ni jukumu la kaunti.

Kwa kuwa madarasa mengi ya chekechea yamo ndani ya uwanja wa shule ya msingi, ngazi hizo mbili hukutana katika kiwanja kimoja. Mtoto yuleyule huanza chini ya kaunti akiwa na miaka 4 na kuingia chini ya Wizara akiwa na miaka 6. Bodi ya usimamizi ya shule, ambamo wazazi wana wawakilishi, ndiyo inayounganisha pande hizo, na kwa shule zilizoanzishwa na makanisa au jumuiya za dini, mfadhili pia huwa na nafasi ndani yake.

KUMBUKUMBU ZIKO WAPI

Historia ya Rabai inajulikana kwa sababu iliandikwa. Barua na ripoti za CMS zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Ni hazina, lakini zina mapungufu. Ziliandikwa kwa ajili ya watu wa London waliotoa fedha, kwa hiyo zinaeleza waliobatizwa kuliko waliofundishwa, na wamishenari kuliko wazazi. Maneno ya mama aliyelima peke yake ili mwanawe aende darasani hayamo.

Rabai kwenyewe, jengo la zamani la kanisa liligeuzwa kuwa makumbusho, chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Karibu nalo zipo nyumba zinazohusishwa na Krapf na Rebmann. Wanafunzi na wageni wanaweza kuzitembelea.

Sehemu iliyo hatarini zaidi ni historia ya miaka 80 iliyopita. Hiyo iko katika rejista za kuandikisha wanafunzi, daftari la matukio ya shule, kumbukumbu za mikutano ya wazazi, vitabu vya michango ya harambee na picha za familia. Katika shule nyingi vitu hivyo vimefungiwa kabatini, vimeliwa na mchwa, au viliondoka na mwalimu mkuu aliyehamishwa. Nyingine iko vichwani mwa wazee, na kila mwaka hupungua.

Kuna hasara tatu za wazi kumbukumbu zinapopotea.

Kwanza ni ardhi. Shule nyingi za umma zilianza kwa mzee mmoja au ukoo kutoa kiwanja kwa mdomo, kama wazee wa Rabai walivyowapa wageni ruhusa. Mashahidi wakifariki bila maandishi, uwanja wa mpira hubaki bila mtetezi. Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirushiwa vitoa machozi walipokuwa wakiandamana kudai uwanja wao uliokuwa umezungushiwa ukuta. Daftari la zamani linaloonyesha nani alitoa ardhi, lini na mbele ya nani ni ushahidi wakati wa kutafuta hatimiliki.

Pili ni haki za watu. Rejista ya shule huenda ndiyo karatasi pekee yenye tarehe ya kuzaliwa na jina la mzazi wa mtu aliyezaliwa nyumbani miaka ya 1950 au 1960. Wazee wanaotafuta kitambulisho, pensheni au cheti cha kuzaliwa cha kuchelewa hurudi katika shule waliyosoma kutafuta mstari huo mmoja.

Tatu ni heshima. Kijiji kisichojua kwamba madarasa yake yalijengwa kwa mawe yaliyobebwa na mama zao huona shule kuwa mali ya serikali peke yake, na dirisha likivunjika hungoja serikali ije.

WAKAAZI WANAWEZA KUFANYA NINI

Kazi hii haihitaji mtaalamu wala fedha nyingi. Bodi ya shule, wazazi na wanafunzi wa zamani wanaweza kuanza na hatua hizi:

1. Kuorodhesha karatasi zilizopo. Mwalimu mkuu na watu wawili wa bodi wafungue kabati na kuandika kila rejista na daftari, pamoja na mwaka wake. Sheria hairuhusu kumbukumbu za taasisi ya umma kuchomwa au kutupwa ovyo. Idara ya Nyaraka za Taifa, yenye kituo Mombasa, hushauri jinsi ya kuzihifadhi.

2. Kuzitunza vizuri. Karatasi ziwekwe juu ya rafu, mbali na sakafu na ukuta wenye unyevu, ndani ya sanduku lenye kifuniko. Kurasa zilizochakaa zipigwe picha kwa simu na nakala ibaki zaidi ya mahali pamoja.

3. Kuwahoji wazee mapema. Maswali yawe mepesi: nani alitoa kiwanja, darasa la kwanza lilijengwa kwa nini, mwalimu wa kwanza aliyekumbukwa ni nani, wasichana walianza kusoma lini, mwaka wa njaa shule ilifanyaje. Jina la anayesimulia na tarehe ya mahojiano viandikwe. Wazee wawili wakitofautiana, maelezo yote mawili yaandikwe.

4. Kuuliza kuhusu hatimiliki. Bodi iulize katika afisi ya ardhi kama kiwanja kimepimwa na kimesajiliwa kwa jina la nani. Kama kiko kwa jina la mfadhili au hakijasajiliwa, mazungumzo yaanze wakati mashahidi wangali hai.

5. Kulinda siri za watu. Rejista zina majina, umri na hali za familia. Zisiwekwe mitandaoni. Mtu apewe habari zake mwenyewe, na mengine yabaki shuleni.

6. Kuwahusisha watoto. Gredi za juu zinaweza kupewa kazi ya kumhoji babu au nyanya mmoja kila mwanafunzi. Darasa moja la watoto 40 likifanya hivyo kwa wiki moja, shule hupata masimulizi 40.

Rabai ina bahati ya kuwa na tarehe ya mwanzo iliyoandikwa. Shule nyingine za kaunti hii zilianza chini ya mwembe, katika kanisa la udongo au kwenye ukumbi wa chama cha wakulima, na tarehe zake zinajulikana na watu wachache tu ambao sasa wana miaka 80 na zaidi. Masimulizi yao yanaweza kuandikwa muhula huu, kwa kalamu moja na daftari moja, na yakawekwa kabatini karibu na rejista ya watoto wanaoandikishwa mwaka huu.